Futa Vumbi Kabla ya Kupamba

Krismasi iliyopita niliutoa mti wetu wa plastiki stoo nikaupamba na vumbi lake. Watoto wakapiga chafya ibada nzima!

Mwaka huu tufuate utaratibu. Tuutoe nje, tuukung'ute, tupanguse kila tawi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, tuuache ukauke kabisa. Hewa ya chumvi hapa Lamu hula waya, kwa hivyo tukague kutu kabla ya kufunga taa.

Na moyo je? Soma Mathayo 23:25-26: Yesu anaanza na ndani ya kikombe. Mimi nina deni la nauli kwa nahodha mmoja tangu Agosti. Nikimwona gatini, napita kando. Wiki hii namlipa na kumwomba msamaha.

Wewe unadaiwa na nani? Lipa, patana, ndipo upambe.