Uzani na Idadi: Kukokotoa Fomula ya Madini

Ripoti ya maabara huyaeleza madini kwa uzani wa oksidi zake. Fomula huyaeleza kwa idadi ya atomu. Mfasiri anayeyaita yote mawili "kiasi" humpoteza mwanafunzi kabla ya hesabu kuanza.

Mathalani, tsavoraiti, ganeti ya kijani ichimbwayo Taita Taveta, ikichukuliwa kuwa safi, ina SiO₂ asilimia 40.0, Al₂O₃ 22.6 na CaO 37.4. Kwanza, kila uzani hugawanywa kwa uzani wa molekuli, yaani 60.08, 101.96 na 56.08. Hupatikana moli 0.666, 0.222 na 0.667. Pili, moli hizo huzidishwa kwa oksijeni iliyomo katika kila oksidi: 1.332, 0.666 na 0.667, jumla 2.665. Tatu, kwa kuwa fomula ya ganeti ina oksijeni 12, 12 hugawanywa kwa 2.665. Jibu, 4.503, huzidishwa kwa moli za kila elementi. Moli za alumini ni maradufu, kwani kila Al₂O₃ ina atomu zake mbili. Matokeo ni Ca₃Al₂Si₃O₁₂.

Ni dhahiri kwamba CaO na SiO₂ zatofautiana kwa uzani, ilhali Ca na Si zalingana kwa idadi, tatu kwa tatu. Kwa hivyo, anayefundisha somo hili kwa Kiswahili hana budi kuzitenga istilahi hizo mbili tangu sentensi ya kwanza.