Ethiopia na Eritrea: Hatari ya Vita Kurudi

Yafaa tufungue ramani pamoja, kwani maneno ya vita kati ya Ethiopia na Eritrea yamesikika tena, na wengi wetu hudhani ni ugomvi wa mbali.

Mwezi Mei 1998 nchi hizi zilianza kupigania Badme, mji mdogo usio na dhahabu wala mafuta. Vita vilipokoma Juni 2000, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa, wengi wao vijana waliotupwa mahandakini. Mwaka 2002 tume ya mpaka ilisema Badme ni ya Eritrea, Ethiopia haikuutoa. Amani ikatangazwa Julai 2018, kisha miaka 2020 hadi 2022 askari wa Eritrea wakapigana Tigray upande wa serikali ya Ethiopia. Katika mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022, Eritrea haikutia sahihi.

Sasa neno kubwa ni bahari. Tangu Eritrea ijitawale mwaka 1993, Ethiopia, yenye watu zaidi ya milioni 100, haina pwani. Oktoba 2023 Waziri Mkuu Abiy Ahmed alilisema jambo hili hadharani, na macho ya watu yakageukia bandari ya Assab.

Kutoka mpakani hata Assab hazifiki kilometa 100. Sisi si majemadari, lakini ramani hudanganya. Nchi ile ya Waafar ni jangwa lenye joto la kutisha. Maji ya askari hayana budi kuletwa kwa malori, na lori jangwani halina pa kujificha mbele ya ndege zisizo na rubani, ambazo vita vya Tigray vilizizoeza huko. Mwaka 2000 jeshi la Ethiopia lilishambulia upande wa Bure, wala halikufika Assab. Na hata bandari ikitwaliwa, ni nahodha gani atakayetia nanga mahali mizinga inapofika?

Upande wa milimani hali ni mbaya zaidi. Tigray iko katikati, nayo imejaa waliokimbia makwao na hawajarudi. Eritrea ina watu wachache, lakini tangu vita vile vya kwanza utumishi wake wa jeshi hauna kikomo kwa vijana wengi. Wala miji haitasalimika: tarehe 5 Juni 1998 uwanja wa ndege wa Asmara ulipigwa, na siku hiyo hiyo mabomu yakaangukia shule huko Mekele.

Ng'ambo zote mbili za mto Mereb watu husema Kitigrinya, na wengi ni jamaa. Simu zilipofunguliwa Julai 2018, wako waliopiga namba wasizozijua, wakamsalimu yeyote aliyeitika.