Kutengeneza Seli ya Grätzel kwa Rangi ya Rosela

Seli hii ya jua ilitangazwa mwaka 1991 na Brian O'Regan na Michael Grätzel wa Lausanne, Uswisi. Rangi hunasa mwanga na kupeleka elektroni kwenye titani dioksidi; iodidi huirudishia rangi elektroni ilizopoteza.

Katika mwongozo huu, "kioo" ni kipande cha sentimita 2.5 kwa 2.5 kilichopakwa oksidi ya bati yenye florini upande mmoja. "Utando" ni tabaka la titani dioksidi juu ya kioo cha kwanza. Usianze hatua yoyote kabla ya ile iliyotangulia kufaulu ukaguzi wake. Vaa barakoa, miwani na glavu. Usitumie vyombo vya jikoni: elektroliti, yaani mchanganyiko wa hatua ya 8, ni sumu.

1. Tambua upande unaopitisha umeme kwenye vioo vyote 2 kwa multimeta.
Ukaguzi: upande huo husoma omu 10 hadi 30, wa pili hausomi kitu.

2. Saga gramu 3 za unga wa titani dioksidi, wenye chembe za takriban nanomita 25, kwenye kinu. Ongeza mililita 4.5 za siki iliyozimuliwa hadi pH 3, nusu mililita kwa kila mara.
Ukaguzi: uji hauna bonge hata moja.

3. Bandika selotepu kingo 3 za kioo cha kwanza, upande unaopitisha: milimita 5 ukingo mmoja, milimita 1 kingo nyingine. Dondosha uji, usambaze kwa fimbo ya kioo, subiri dakika 5, bandua selotepu.
Ukaguzi: utando hauna mikwaruzo.

4. Choma kwenye tanuri la maabara, nyuzijoto 450, dakika 30. Zima, kioo kipoe humo humo.
Ukaguzi: utando uliogeuka kahawia umerudi kuwa mweupe.

5. Loweka gramu 5 za rosela kavu katika mililita 50 za maji ya moto kwa dakika 10. Chuja, poza, kisha tumbukiza kioo dakika 10.
Ukaguzi: kigeuze. Ukiona weupe, kirudishe dakika 5. Kisha suuza kwa maji, halafu ethanoli, kausha.

6. Sugua penseli ya 6B kwenye upande unaopitisha wa kioo cha pili.
Ukaguzi: kaboni haina pengo.

7. Kutanisha kaboni na utando, ukiacha ukingo wa milimita 5 wazi kwa kila kioo. Bana kwa vibanio 2.
Ukaguzi: vioo havitelezi.

8. Yeyusha gramu 0.83 za potasiamu iodidi na gramu 0.127 za iodini katika mililita 10 za ethilini glaikoli. Dondosha matone 2 ukingoni, ukilegeza vibanio kwa zamu.
Ukaguzi: utando wote umelowa. Futa kingo zilizo wazi.

9. Elekeza kioo cha utando kwenye jua. Unganisha waya mweusi wa multimeta na kioo hicho, mwekundu na cha kaboni.
Ukaguzi: volti 0.3 hadi 0.5, ukikinga jua kwa kiganja, namba hushuka. Isiposhuka, unachopima si mwanga: rudia kuanzia hatua ya 5.