Pikapu Kuukuu Katika Nchi ya Theluji: Somo la Msuguano na Kutu

Mjini Syracuse, katika jimbo la New York nchini Marekani, theluji inayoanguka kwa mwaka mmoja, lau isingeyeyuka wala kushindiliwa, ingefikia kina cha mita 3 hivi. Mji wa Duluth, katika Minnesota, hupata zaidi ya mita 2. Katika miji ya namna hii, na hasa katika vijiji vinavyoizunguka, mabasi ni machache. Mtu asiye na gari la kutegemewa huweza kukosa kazi, shule au hospitali kwa siku nzima baada ya dhoruba moja. Miongoni mwa wakazi wa majimbo hayo ya kaskazini leo wamo wasemaji wa Kiswahili: wanafunzi, wafanyakazi, na wakimbizi wengi waliotoka mashariki mwa Kongo. Wengi wao, sawa na majirani zao wenyeji, hawana fedha za kununua gari jipya. Ndipo macho yao huvutwa na pikapu kuukuu za miaka ya 1970 na 1980, kama vile Ford F-150, Chevrolet C10 na K10, Dodge W150, na pikapu ndogo za Toyota. Injini za magari hayo ni rahisi kueleweka, na fundi mwenye spana za kawaida aweza kuzitengeneza.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuchagua pikapu ya namna hiyo kwa kutumia mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa, nayo ni msuguano na kutu. Tutaonyesha kwamba mnunuzi mwenye fedha chache anapaswa kuzitumia kwanza kwa kupata fremu nzima, pili kwa tairi, na mwisho kwa injini. Aghalabu wanunuzi hufanya kinyume. Hufungua boneti, husikiliza mlio wa injini, wakaridhika, wala hawainami kutazama chini ya gari.

1. Msuguano na kusimama

Kani ya msuguano kati ya tairi na barabara hupatikana kwa kuzidisha uzito unaoikandamiza tairi kwa namba iitwayo kizigeu cha msuguano. Kwa makadirio, kizigeu hicho ni 0.7 juu ya lami kavu, 0.2 juu ya theluji iliyoshindiliwa, na 0.1 juu ya barafu. Umbali ambao gari husafiri tangu breki zinaposhika hadi linaposimama ni mraba wa mwendo wake, ugawanywe kwa mara mbili ya kizigeu hicho na mchapuko wa mvutano wa dunia (mita 9.8 kwa sekunde mraba).

Hebu tuchukue gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde. Juu ya lami kavu litasimama baada ya mita 14. Juu ya theluji litahitaji mita 49, na juu ya barafu karibu mita 100.

Msomaji na aangalie kwamba uzito wa gari haumo kabisa katika hesabu hiyo. Pikapu nzito haisimami upesi kuliko gari dogo. Aidha, idadi ya magurudumu yanayoendeshwa na injini nayo haimo, kwa sababu breki hushika magurudumu yote manne katika gari lolote. Watu wengi hununua pikapu ya magurudumu manne wakidhani kwamba wamenunua usalama. La hasha, wamenunua uwezo wa kuondoka tu. Isitoshe, pikapu nyingi za miaka ile hazina mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge wakati wa breki. Ford ilianza kuuweka katika magurudumu ya nyuma ya F-150 mwaka 1987.

2. Magurudumu mawili au manne?

Pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma. Tuseme ina uzito wa kilo 1,800, na asilimia 40 tu ya uzito huo, yaani kilo 720, ndiyo inayokaa juu ya magurudumu ya nyuma. Ikiwa magurudumu hayo ndiyo yanayoendeshwa na kizigeu ni 0.2, kani kubwa inayoweza kupatikana ni sawa na uzito wa kilo 144. Kani hiyo yatosha kupanda mlima wenye mwinuko wa asilimia 8, wala si zaidi. Tulinganishe sasa njia tatu za kuiboresha.

Kwanza, tuweke magunia ya mchanga ya kilo 150 juu ya ekseli ya nyuma. Kani itakuwa kilo 174, lakini gari sasa lina kilo 1,950. Mwinuko unaowezekana ni karibu asilimia 9. Faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mchanga usiofungwa imara huweza kuruka mbele gari linapogonga kitu.

Pili, tufunge tairi za baridi ambazo, kwa mfano, zinapandisha kizigeu kutoka 0.2 hadi 0.3. Kani itakuwa kilo 216, na mwinuko utafika asilimia 12. Zaidi ya hayo, umbali wa kusimama kwa mwendo wa kilometa 50 utapungua kutoka mita 49 hadi mita 33.

Tatu, tuyaendeshe magurudumu yote manne kwa tairi za kawaida. Uzito wote wa kilo 1,800 utatumika, na mwinuko utafika asilimia 20. Lakini umbali wa kusimama utabaki mita 49 zile zile.

Kwa hiyo mnunuzi ambaye nyumba yake iko mahali tambarare, na ambaye barabara yake husafishwa mapema na greda za theluji, aweza kuchukua pikapu ya magurudumu mawili, ambayo kwa kawaida bei yake ni nafuu, na fedha iliyobaki akanunua tairi nne za baridi. Anayeishi juu ya mlima, au kwenye njia isiyosafishwa, anahitaji magurudumu manne na tairi hizo pia. Tairi za baridi hutengenezwa kwa mpira ambao haugeuki kuwa mgumu baridi inapozidi, na tangu mwaka 1999 zile zilizopasi jaribio la theluji hutiwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Zifungwe zote nne. Zikifungwa mbili tu, upande mmoja wa gari utashika na mwingine utateleza.

Pikapu nyingi za magurudumu manne za wakati ule hazipaswi kuendeshwa kwa mfumo huo juu ya lami kavu. Katika kona, magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma, na kwa kuwa ekseli hizo mbili zimefungwa pamoja, meno ya gia hukazana hata yakaharibika. Baadhi ya magari ya Marekani ya kati ya mwaka 1973 na 1979 yalikuwa na mfumo wa kuendesha magurudumu manne wakati wote, nayo hula petroli zaidi. Mengine humtaka dereva ashuke azungushe kwa mkono vifungo vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Vifungo hivyo vizungushwe siku ya ukaguzi, kwa maana huenda havijaguswa kwa miaka mingi.

3. Kutu

Jimbo la New Hampshire lilianza kujaribu chumvi barabarani mwaka 1938. Leo Marekani hutumia zaidi ya tani milioni 10 za chumvi hiyo kila mwaka. Sababu yake ni kwamba maji yenye chumvi hugandishwa na baridi kali zaidi kuliko maji matupu. Mmumunyo wenye asilimia 23 ya chumvi ya kawaida haugandi mpaka baridi ifike nyuzi 21 za Selsiasi chini ya sifuri. Mahali penye baridi kali hutumiwa pia kloridi ya magnesi au ya kalsi.

Lakini chumvi hiyo hiyo huila fremu ya gari. Kutu ni kazi ya umeme mdogo. Sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni na kuingia majini kama ioni, na sehemu nyingine elektroni hizo hupokewa na oksijeni pamoja na maji. Chumvi hurahisisha safari ya umeme huo majini, na ioni za kloridi huvunja utando mwembamba unaokilinda chuma. Wala chumvi haitumiki ikaisha, bali hubaki pale pale ikiendelea na kazi yake. Kloridi ya magnesi huvuta unyevu kutoka hewani hata hewa inapoonekana kavu, hivyo chuma hakipati kukauka. Ndiyo maana gari lenye chumvi likiegeshwa katika banda lenye joto huoza upesi kuliko likiachwa nje penye baridi, kwani joto huharakisha kemia hiyo.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2008, wakati kampuni ya Toyota ilipotangaza nchini Marekani kwamba itarefusha hadi miaka 15 dhamana ya fremu za pikapu zake aina ya Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000. Yale magari ambayo fremu zao zilikuwa zimeliwa kupita kiasi, kampuni iliyanunua tena. Ubora wa injini haukuweza kuyaokoa.

Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huvimba na kubanduka kwa tabaka. Mnunuzi achukue tochi, nyundo ndogo na bisbisi kuukuu. Asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Agonge fremu tangu mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele, na kilichooza hutoa sauti butu. Atazame hasa fremu inapopanda juu ya ekseli ya nyuma, mahali springi zinaposhikizwa, na pale kiboksi cha usukani kinapofungwa. Bisbisi ikizama ndani ya fremu, mazungumzo ya bei yaishie hapo. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu itiliwe shaka, maana huenda imefunika matundu.

Baada ya fremu, afuate mabomba ya breki kwa kidole urefu wake wote. Bomba lililovimba kwa kutu laweza kupasuka siku dereva anapokanyaga breki kwa nguvu zote. Kisha ainue zulia la kebini atazame sakafu. Matundu sakafuni yakikutana na ekzosi iliyotoboka, hewa ya kabonimonoksidi huingia ndani ambamo madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua.

Kwa sababu hizo, pikapu iliyoishi Arizona au New Mexico, ingawa rangi yake imepauka kwa jua na viti vyake vimepasuka, mara nyingi ni bora kuliko ile inayong'aa iliyoishi miaka 40 huko Michigan. Gharama ya kuisafirisha ihesabiwe pamoja na bei.

4. Injini wakati wa baridi

Injini imewekwa mwisho kwa kuwa hurekebishika, au hubadilishwa nzima. Hata hivyo yapo mambo ya kupima. Ukaguzi ufanywe asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla ya mgeni kufika ameficha jambo la kwanza linalotakiwa kujulikana. Katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hubakiwa na nusu hivi ya nguvu zake, hali oili iliyoganda huifanya injini iwe nzito kuzungushwa. Petroli nayo haigeuki mvuke kwa urahisi, na kabureta hutegemea choki iliyo nzima. Injini zinazopuliza petroli kwa mfumo wa elektroniki, kama zile za Ford na Chevrolet za tangu mwaka 1987 hivi, huwaka kwa urahisi zaidi.

Maji ya rejeta yachanganywe nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda, na mchanganyiko huo huvumilia nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Maji matupu huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 yanapoganda, nayo huipasua injini. Kipasha joto cha kebini kijaribiwe pia, kwani ndicho kinachoondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele.

5. Baada ya kununua, na funzo kwa Afrika Mashariki

Kila baridi inapolegea, sehemu za chini zioshwe kwa maji mengi, na kabla ya majira ya theluji zipakwe mafuta mazito yasiyokauka. Kwa kazi hiyo ndogo fremu nzima yaweza kudumu miaka mingi.

Maarifa haya yanatufaa hata sisi tusioona theluji ila juu ya Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori. Miongoni mwa magari yaliyotumika ambayo hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yamo yaliyotoka Hokkaido na sehemu nyingine za kaskazini mwa Japani, ambako pia chumvi humwagwa barabarani. Gari kama hilo huja na kutu iliyokwisha kuanza, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huiendeleza. Nyundo na bisbisi zina kazi ile ile.

Maswali kwa wanafunzi

(a) Pikapu ya kilo 1,600 ina asilimia 45 ya uzito wake juu ya magurudumu ya nyuma yanayoendeshwa. Ikiwa kizigeu cha msuguano ni 0.2, je, itaweza kupanda mwinuko wa asilimia 10?

(b) Gari linakwenda kilometa 80 kwa saa juu ya theluji yenye kizigeu hicho hicho. Litasimama baada ya mita ngapi?

(c) Eleza kwa nini mchanga juu ya ekseli huongeza uwezo wa kupanda mlima lakini haupunguzi umbali wa kusimama uliokokotolewa hapo juu.