Kukumbuka na kukumbushwa: vyombo vya zamani katika sarufi yetu

Mtu anayetafuta neno moja la Kiswahili kwa kile ambacho Wafaransa wanakiita nostalgie atapata maneno mengi nusu-nusu: hamu, shauku, upweke, kutamani ya kale. Hakuna hata moja linalotosha. Makala hii inaonyesha kwamba jambo hilo limekaa zaidi katika sarufi, na kwamba vyombo vya nyumbani (kinu, mbabula, pasi ya makala, kopo) ndivyo vinavyolidhihirisha.

1. Nani anatenda?

Tulinganishe sentensi mbili:

a) Ninamkumbuka mama.
b) Kopo hili linanikumbusha mama.

Katika (a) kiima ni mimi: ninatenda, na mama ni yambwa. Katika (b) kitenzi kimeingia kauli ya kutendesha. Sauti k ya mwisho wa mzizi imegeuka sh, kama katika anguka/angusha, waka/washa, amka/amsha. Sasa kiima ni kopo. Mimi nimeshuka kuwa yambwa, ni- ndani ya kitenzi. Kopo ndilo linalotenda, na mimi ninatendwa.

Hivyo ndivyo watu wanavyoeleza hali hiyo. Hatukai chini kuamua kumkumbuka fulani. Tunahamisha kabati, pasi ya makala inaanguka kutoka nyuma yake, na mara moja tumeshikwa. Kitenzi cha kutendesha kinakiri kwamba nguvu imetoka nje yetu.

Tuongeze kwamba kukumbuka kuna maana ya pili. Anayemwambia rafiki "nimekukumbuka" hasemi kwamba alikuwa amemsahau. Anasema kwamba rafiki amekosekana. Kumbukumbu na pengo vimo katika kitenzi kimoja.

2. Ukumbusho si kumbukumbu

Nomino mbili zinatokana na kitenzi hiki. Kumbukumbu ni kile kilichobaki kichwani au kwenye maandishi. Ukumbusho umebeba ile sh ya kutendesha: ni kitu kinachokufanya ukumbuke. Wachoraji wa Lubumbashi walilitumia neno hili la pili. Katika miaka ya 1970, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliandika juu ya picha zilizochorwa kwenye nguo za mifuko ya unga na kutundikwa sebuleni, ambazo watu waliziita ukumbusho. Mchoraji anayejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu. Picha moja iliyorudiwa sana, Colonie belge, inaonyesha mfungwa akichapwa fimbo.

Picha hiyo ilikuwa chombo cha nyumbani kama meza na viti, lakini haikuleta utamu. Basi tusifasiri ukumbusho kama hamu ya siku nzuri tu. Kiambishi hakisemi kama kinachorudi ni kitamu au kichungu.

3. Vifaa viwili vya Kiswahili cha kwetu

Kiswahili tunachozungumza Lubumbashi kinaongeza mambo mawili. La kwanza ni ngeli ya ka-/tu-: kakopo, kameza, tuviti. Kamusi itasema ni udogo. Lakini msikilize mtu anayesema "kale kakopo ka mama": kopo lenyewe linaweza kuwa kubwa. Kilicho kidogo ni umbali kati yake na moyo wa msemaji.

La pili ni -ka mwishoni mwa kitenzi: "Mama alikuwaka anatupimia unga na hii kopo." Tamati hiyo inaitenga siku ile na leo, na hapa inataja jambo lililokuwa desturi. Mwalimu wa Kiswahili sanifu ataifuta kwa kalamu nyekundu. Ni haki yake katika insha, lakini mtafiti asiifute katika daftari lake.

4. Kiima kikiondoka

Nilimuuliza nkambo maneno ya kutwanga. Sebuleni alitaja kinu, mchi, kutwanga, akanyamaza. Kesho yake tulikaa nyuma ya nyumba, kando ya kinu chenyewe kilichopasuka. Hapo yalitoka kukoboa, kupepeta, pumba, chenga, na namna ya kupokezana mchi bila kugongana. Kisha akasema: "Hii kinu iko nanikumbusha mdogo yangu. Tulikuwaka tunatwanga wawili." Simulizi zima lililofuata sikuwa nimeliuliza. Kinu ndicho kilichouliza.

Hapa ndipo penye hasara. Katika miji ya migodi ya Katanga, shida za miaka ya 1990 zilizifanya familia nyingi kuuza vyombo ili zile. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Friji, redio na viti vilivyonunuliwa kwa mishahara ya zamani vilikwenda sokoni. Tunaihesabu hasara hiyo kwa fedha. Mwanaisimu aihesabu pia kwa sentensi: chombo kikiuzwa, kukumbusha kunapoteza kiima. Kunabaki kukumbuka peke yake, kazi ambayo mzee lazima aifanye bila msaada, na anayoifanya vibaya zaidi kila mwaka. Kijana wa mjini bado anasema "kutwanga maji kwenye kinu" kwa kazi ya bure, lakini pumba na chenga hazijui tena.

Mbabula bado ina bahati. Umeme ukikatika inawashwa tena, na maneno yake yanawaka nayo.

Zoezi

Chagua chombo kimoja kilichozeeka nyumbani kwenu. Usimwendee mzee na orodha ya maswali: kiweke chombo mbele yake. Andika (i) majina ya sehemu zake. (Ii) vitenzi vya kazi yake. (Iii) kila sentensi yenye kukumbusha, ka-/tu- au -ka, jinsi ilivyotamkwa, bila kuisanifisha. Fanya hivyo kabla chombo hakijauzwa.