Malengelenge ya Mdomo: Virusi Hutokaje Ndani ya Seli?

Malengelenge madogo yanayotoka mdomoni wengi hudhani ni homa inayotoka mwilini. Kwa kweli husababishwa na virusi vya hepesi.

Virusi hivi haviwezi kuzaliana peke yavyo. Huingia kwenye seli na kuigeuza kiwanda chao. Ndani ya kiini cha seli, DNA ya virusi hunakiliwa, na kila nakala hufungwa katika ganda la protini. Ganda hilo hupenya utando wa kiini, kisha huvikwa koti la mafuta linalotokana na utando wa seli yenyewe. Mwisho husafirishwa ndani ya kifuko hadi ukingoni mwa seli na kutolewa nje, tayari kuingia seli ya jirani. Ndiyo maana maji ya lengelenge yamejaa virusi.

Sabuni huharibu koti hilo, na bila koti virusi haviambukizi. Basi nawa mikono kila ugusapo kidonda. Dawa ya asaiklovia huzuia DNA kunakiliwa, hivyo husaidia zaidi ikianzwa mapema. Haiondoi virusi vilivyojificha kwenye neva.

Kumbuka: mwenye kidonda asimbusu mtoto mchanga. Mama mwenye kidonda mdomoni aendelee kunyonyesha, ila afunike mdomo na anawe mikono. Kama kidonda kiko kwenye titi, asinyonyeshe titi hilo. Mtoto wa chini ya wiki 6 akipata malengelenge, homa, kulegea au kukataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja, hata usiku.