Mlima Umelindwa, Mwalimu Atapanga Wapi?

Wanachuo wenzangu, ukitaka kuona faida na hasara zikitoka chungu kimoja, angalia Boulder, mji wa jimbo la Colorado, Marekani. Uko chini ya Milima ya Rocky, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1876.

Faida kwanza. Mwaka 1967 wakazi walipiga kura wakajitoza kodi ya mauzo, jiji linunue ardhi na kuiacha wazi. Mwaka 1971 wakaweka kikomo: jengo lisizidi futi 55, kama mita 17 hivi. Ndiyo maana mwanafunzi akitoka darasani, muda si mrefu yuko kwenye njia za mlimani, na ni nadra ghorofa refu kumzibia.

Sasa hasara. Ardhi ya kujenga ni kidogo, kwenda juu huruhusiwi, na wenye pesa wanazidi kuja. Pango ni ghali. Wanafunzi wanabanana nyumba moja wagawane pango. Wafanyakazi wengi wanaishi miji ya jirani kama Longmont, wanakuja kazini kwa gari au basi.

Jiji limewataka wajenzi wachangie nyumba za bei nafuu, ila hazitoshi.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo hili linanigusa. Kulinda mlima ni sahihi, sibishi. Lakini kesho ukiwa diwani au mpanga miji, weka maswali mawili mezani pamoja: mlima utalindwaje, na mwalimu wa watoto wa hapo atapanga wapi?